Nyimbo Ziende, na Majina ya Wenyewe Yaende Nazo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa vijana, wanabendi na vikundi vya ngoma)



Mwaka 1967 katika nchi ya Sweden, huko kaskazini mwa Ulaya, vijana wa bendi iitwayo Hep Stars walitoa santuri. Walikuwa vijana wa nywele ndefu na magitaa ya umeme, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule ambaye baadaye alipata sifa dunia nzima katika kundi la ABBA. Na wimbo wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa Malaika. Ndiyo, wimbo huu huu unaopigwa katika arusi zetu, wimbo wa kijana ampendaye msichana lakini mfukoni hana cha kuwapelekea wakwe. Twajiuliza ni wangapi katika wale vijana wa Kiswidi waliocheza kwa santuri ile waliojua ya kuwa shida inayolalamikiwa mle ni shida ya mahari.

Wala hawakuwa peke yao. Miriam Makeba, binti wa Afrika Kusini aliyezuiwa na makaburu asirudi kwao, aliuimba Marekani pamoja na Harry Belafonte, nao ukatiwa katika santuri yao ya mwaka 1965. Mwaka 1981 wakautwaa Boney M, waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani Magharibi, wakauvika vyombo vya disko. Mtu wetu aliyeko ugenini, ameketi peke yake katika mkahawa na baridi inampiga, akisikia sauti ile ikitoka ukutani hugeuka kutazama ni nani anayemwita.

Na mambo ya siku hizi ndiyo yanayozidi. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili, Baba Yetu, iimbwe na kwaya. Iimbwe kanisani? Hata kidogo. Ilikuwa muziki wa kufungulia mchezo wa kompyuta, Civilization IV. Mwaka 2011 muziki ule ukapata tuzo ya Grammy, nao ulikuwa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuipata. Basi wako watoto wa Marekani na Ulaya ambao maneno yao ya kwanza ya Kiswahili ni sala, nao waliyapata wakicheza.

Wako wenzetu wanaokasirika wakisikia habari hizi. Husema: wazungu walichukua pembe zetu, wakachukua dhahabu yetu, na sasa hata nyimbo! Hasira hiyo twaielewa. Lakini hatutaki kuishika upesi, kwa sababu hatuna budi kwanza tujitazame sisi wenyewe.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kunasa sauti, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Huko akaimbiwa wimbo wa kumsifu mtu aitwaye Chemirocha. Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyekuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kuwa mwimbaji. Santuri zake zilikuwa zimefika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni. Ile sauti yake ya kupanda na kushuka kooni iliwashangaza watu, na jina lake likageuka katika vinywa vya Kikipsigis likawa Chemirocha. Wasichana walimwimba kwa kinanda cha nyuzi cha kwao, nao wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Rodgers alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1933, kumbe huku Afrika ya Mashariki amekuwa mnyama wa ajabu anayeombwa aje acheze ngoma na wasichana! Hatujapata kusikia heshima ya namna ile ikitolewa na mtu yeyote mahali popote.

Nendeni Mombasa. Mohamed Juma Bhalo, bingwa wa taarabu, alijulikana kwa kuchukua sauti za nyimbo za sinema za Kihindi na kuzitia mashairi ya Kimvita yaliyojaa mafumbo. Mhindi aliyetoka Bombay akipita nje ya arusi ya Kiswahili huweza kusimama ghafla njiani: sauti ni ya kwao, maneno haelewi hata moja. Na kabla ya hapo Siti binti Saad wa Unguja alikuwa amevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay huko huko kunasiwa sauti yake kwa Kiswahili. Bahari ile haikupitisha karafuu na boriti tu.

Na rumba je? Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika santuri za Kyuba zilizoandikwa herufi GV. Ya kwanza katika hizo ilikuwa wimbo wa mwuza karanga, El Manisero, uliopigwa na bendi ya Don Azpiazu. Watu wa Kongo waliposikiliza hawakuona ugeni. Waliona ndugu aliyepotea amerudi nyumbani amevaa suti, kwa kuwa waliokwenda na mapigo yale Kyuba walikuwa watu wa Kongo waliopelekwa kwa minyororo. Na sisi tukayapokea kutoka kwa Wakongo, na kutoka katika santuri zile zile, hata Dar es Salaam na Morogoro zikawa na bendi zenye jina la Jazz zikipiga mambo ya Kyuba kwa maneno ya Kiswahili. Nani atathubutu kuwaambia wazee wa dansi kwamba waliiba?

Basi kuazimana nyimbo si haramu. Wimbo usiokwenda kwa jirani ni wimbo mgonjwa. Jambo linalotuuma ni jingine, nalo twataka kulieleza kwa habari za mtu mmoja.

Solomon Linda alikuwa Mzulu wa Msinga, katika Natal. Kama vijana wengi wa kwao alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Mwaka 1939 yeye na wenzake, kikundi cha Evening Birds, waliingia katika chumba cha kunasia sauti cha kampuni ya Gallo wakaimba wimbo wa Mbube, yaani simba. Sauti nene za wenzake zilikuwa zikirudia neno lile lile kama miguu ya watu wanaotembea pamoja, na sauti ya Linda ikapanda juu yake nyembamba na kali. Santuri ile iliuzwa Afrika Kusini kiasi cha 100,000 katika muda wa miaka kumi. Linda alipokea shilingi kumi, akaziachia haki zote. Akaendelea na kazi yake, ambayo ilikuwa kufunga santuri katika maboksi ya kampuni ile ile.

Sasa sikieni jinsi wimbo ulivyosafiri. Santuri ilifika Marekani mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu, naye akampa Pete Seeger. Seeger hakujua Kizulu. Sikio lake lilisikia Wimoweh, akaliandika hivyo, na kundi lake la The Weavers likaurekodi wimbo mwaka 1951. Miaka 10 baadaye, mwaka 1961, vijana waitwao The Tokens waliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza habari za simba aliyelala, nao ukawa wa kwanza katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1962, Solomon Linda akafa. Katika benki alikuwa na fedha zisizofika dola 25. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe.

Tuseme haki: Seeger hatumhesabu katika wezi. Aliposikia mambo yalivyo alimpelekea Linda dola 1,000. Lakini hisani ya mtu mmoja si sawa na haki, na wimbo ule ulikuwa umekwisha kuandikishwa kwa majina ya watu ambao hawakupata hata kuiona Msinga.

Mwaka 1994 ukaimbwa katika sinema ya The Lion King ya kampuni ya Disney, sinema iliyowapa wanyama wake majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Wimbo wa Mzulu, majina ya Waswahili, na mabinti wa Linda wanaishi Soweto katika umaskini. Mwaka 2000 Rian Malan, mwandishi wa Afrika Kusini mwenyewe, aliandika habari hizi zote katika gazeti moja la Marekani, na dunia ikaona haya kidogo.

Hapa ndipo tunapowaomba vijana wasikilize kwa makini. Waingereza walikuwa na sheria ya mwaka 1911 iliyotumika katika dola yao. Sheria ile ilisema kwamba mtunzi akiuza haki ya kazi yake, basi miaka 25 baada ya kufa kwake haki hurudi kwa warithi wake, hata kama aliiuza kwa hiari. Linda alikufa 1962. Hesabuni wenyewe: tangu 1987 haki ya wimbo katika nchi zilizokuwa za dola ile ilikuwa imewarudia watoto wake, na hakuna aliyewaambia. Mwanasheria alipoifukua sheria hiyo, kesi ikafunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 wenye kuumiliki wimbo wakakubali kupatana, warithi walipwe na jina la Solomon Linda litajwe. Ajabu ya mambo ni hii: sheria ya mkoloni, iliyotungwa huko London kwa ajili ya watoto wa watunzi wa Kiingereza, ndiyo iliyowaokoa mabinti wa Soweto. Silaha ilikuwa imelala kabatini miaka yote hiyo kwa sababu hatukuzoea kusoma karatasi.

Kuna dhuluma nyingine ambayo haihesabiwi kwa fedha. August Musarurwa wa Bulawayo alitunga muziki uitwao Skokiaan. Skokiaan ni pombe kali ya magendo, ile iliyokuwa ikipikwa kwa siri katika mitaa ya Waafrika na kukamatwa na polisi. Mwaka 1954 muziki ule uliingia Marekani kwa kishindo. Bendi nyingi ziliupiga, na Louis Armstrong mwenyewe akaupiga. Alipozuru Rhodesia mwaka 1960 alikutana na Musarurwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini maneno ya Kiingereza yaliyotiwa katika muziki ule yalimweleza Mwafrika kuwa mtu wa porini asiye na shughuli ila kufurahi. Muziki wa watu wanaofukuzwa na polisi mtaani umegeuzwa kuwa picha ya watu wasio na taabu! Mtu akivaa koti lako kwa heshima humkasirikii. Akilivaa ili akuigize wewe mjinga, hilo ni neno jingine kabisa.

Mpaka hapa wengi mmetikisa vichwa kwa kukubali, maana tumesema wazungu. Sasa twarudi nyumbani.

Wimbo wa Malaika tulioanza nao ni wa nani? Aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William wa Kenya, mnamo mwaka 1960, na wengi hulitaja jina lake. Lakini Adam Salim, aliyezaliwa Tanganyika, alidai kwamba aliutunga yeye Nairobi katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Na wengine tena wametajwa. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na mabishano hayakwisha. Ndugu zangu, huu ndio wimbo wa Kiswahili uliosafiri labda kupita wote, na sisi wenye lugha hatuwezi kusimama mbele ya hakimu tukasema kwa sauti moja: mtunzi ni huyu. Yule Mswidi tutamdai kwa jina la nani?

Kuna deni jingine, nalo liko katika chama na harakati zetu wenyewe. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU, hakuanzia katika ofisi. Alianzia katika vikundi vya ngoma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wanawake wale walikuja na nyimbo zao. Sauti iliyokuwa ya arusi au ya unyago walitia maneno ya uhuru, na polisi wa mkoloni aliyesimama kando alisikia ngoma tu. Hebu tutazame picha za mikutano ile. Majina ya waliohutubia tunayo, tena mengine yamekuwa majina ya barabara. Majina ya waliotunga nyimbo zilizokusanya watu hata hotuba zikapata wasikilizaji, hatunayo ila machache. Wengi wa mama hao wamekwisha kufa. Hapana kampuni ya kigeni iliyotunyang'anya majina hayo.

Mtu atasema: nyimbo za ngoma hazina mwenyewe, ni za wote. Kweli ziko za namna hiyo, zilizopita vinywa vingi hata hakuna ajuaye zilikoanzia. Hizo zina kijiji, zina kabila, na inatosha kutaja hivyo. Lakini mara nyingi neno hili la "za wote" husemwa na mvivu asiyetaka kuuliza, au mjanja anayetaka kuchukua. Ukiuliza vizuri kijijini, utaambiwa: huo ni wa fulani, aliutunga mwaka ule wa njaa.

Tumebakiza wimbo mmoja, nao ni ule tuliousimamia sote tulipofungua mkutano huu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Methodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti wa kwanza na kiitikio, waimbe watoto wake wa shule. Mwaka 1912 ukaimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama cha ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London. Tarehe 9 Desemba 1961 ukapandishwa pamoja na bendera yetu, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia waliuchukua mwaka 1964 wakautia maneno yao. Zimbabwe waliutumia tangu 1980 hata 1994. Na huko Finland sauti hiyo hiyo imo katika kitabu cha nyimbo cha kanisa la Kilutheri, nao huimbiwa na watoto. Mtanzania akiingia kanisani Helsinki Jumapili ya namna hiyo, miguu yake itasimama kabla kichwa hakijajua sababu.

Fikirini wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliofika Kongwa mwaka 1964, na wale wa Mazimbu miaka iliyofuata. Kwao wimbo ule ulikuwa wimbo wa watu wanaosakwa. Hapa waliukuta ukiimbwa asubuhi na watoto wa shule mbele ya bendera, mchana kweupe, na askari amesimama wima kwa heshima. Miongoni mwa safari zote za nyimbo tulizozitaja leo, hiyo ndiyo tungependa sana kuwa tulikuwapo kutazama nyuso za watu.

Lakini Sontonga mwenyewe? Alikufa mwaka 1905, angali kijana. Yaelezwa kwamba mjane wake aliuza haki ya wimbo kwa senti za Kiingereza sita. Shilingi kumi za Linda zinaonekana utajiri! Kaburi lake lilipotea. Walipokuja kulitafuta katika makaburi ya Braamfontein walisumbuka sana, kwa sababu walifuata herufi ya S ya Sontonga, naye karani wa zamani alikuwa amemwandika chini ya E: Enoch. Mwafrika hakuhitaji kuwa na jina la ukoo katika daftari la aina ile. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Mandela ndiye aliyefunua ukumbusho wake pale. Ilikuwa miaka 91 tangu azikwe, na sisi hapa Tanzania tulikuwa tumeusimamia wimbo wake miaka 35.

Sasa kazi ya leo. Siku hizi wimbo unaoimbwa hapa jioni huweza kufika Tokyo kwa simu kabla mwimbaji hajafika kwake. Sheria ya Hakimiliki ya nchi yetu ipo tangu mwaka 1999, na mahali pa kuandikisha kazi papo. Lakini ofisi haiwezi kuandikisha usichokisema.

Pale mezani karibu na mlango pana daftari. Tumeligawa safu nne: wimbo, aliyetunga, mahali, na mwaka au jambo lililokuwapo wakati huo. Kila bendi iandike nyimbo zake, na kila kikundi cha ngoma kimlete mzee mmoja. Mama zetu waliokuwa katika ngoma wakati wa kudai uhuru, au mabinti zao, twawaomba watangulie. Asiyeandika amwambie katibu polepole, naye katibu aandike jina la mtu, la baba yake na la ukoo, yote matatu. Na ikiwa wawili watadai wimbo mmoja, waandikwe wote wawili, kila mmoja na ushahidi wake. Daftari litakuwapo hapa mpaka saa kumi na mbili jioni, na kesho asubuhi litapelekwa katika matawi.